Itazameni Miguu Yote Miwili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Hospitali, Mganga Mkuu, madaktari bingwa, madaktari wenzangu, na neno hili "wenzangu" nalitamka hadharani kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mniwie radhi nikilivuta kidogo, wauguzi, wakunga na wahudumu wa wodi zote, familia ya mstaafu wetu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu kwa heshima ya kila mmoja mahali pake. Kama kuna niliyemruka katika ngazi hii ya vyeo, anisamehe. Ngazi ni ndefu, nami ndiyo kwanza naweka mguu kwenye kidato cha chini.

Nimesimama hapa kwa niaba ya familia za wagonjwa kumuaga muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama ambaye jina lake la kuzaliwa wengi wetu tulilisoma kwa mara ya kwanza kwenye kadi ya mwaliko wa leo, kwa sababu tangu tumjue tumemwita Mama Wodi, naye ameitika.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwake kumsomea hotuba niliyokuwa nimeiandaa. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na uadilifu ndani yake, na moyo wa huruma, na mikono iliyowapokea watoto wasiohesabika. Kila sentensi ilikuwa imevaa nguo zake za sikukuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani, kisha akaniuliza: "Umenisifu vizuri, mwanangu. Sasa lile kosa langu umeliweka wapi?"

Nilimjibu, kwa ubishi ambao wanaonifahamu hawataushangaa, kwamba hafla ya kumuaga mtu si mahakama. Kwamba kosa moja halipimwi kwenye mizani moja na utumishi wa umri mzima. Na kwamba wahenga walishaitoa hukumu kabla yetu waliposema kuteleza si kuanguka. Akatabasamu, na mimi nikadhani nimeshinda. Akaniambia kwamba methali hiyo ni ya watu wanaotembea peke yao. "Sisi tunatembea tumembeba mtu mgongoni," akasema. "Nikiteleza mimi, anayeanguka ni mgonjwa. Ukilificha kosa langu, siku hiyo utamuaga mtu mwingine."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hotuba ile niliichana. Hii ndiyo anayoistahili.

Dada yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, ni msusi. Wazazi wetu walipotangulia, yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha. Nikisema nimesoma kwa miguu yake, sipambi lugha. Ususi ni kazi ya kusimama, kuanzia mteja wa asubuhi anayewahi kazini hadi wa jioni anayekwenda harusini. Watu husifu mkono wa msusi, lakini mguu ndio unaobeba siku nzima, na hakuna mteja aliyewahi kusema, "Hongera, umesimama vizuri."

Dada huyu alijifungua mtoto wake wa kwanza katika hospitali hii, salama, mtoto mzima, kelele tele. Asubuhi ya kuruhusiwa kurudi nyumbani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mapajani, mguu wa kulia ameukunja chini yake, wa kushoto umening'inia. Akalalamika kwamba huo wa kushoto ni mzito kama gunia. Mama Wodi akainama, akaubonyeza muundini kwa kidole gumba, akaona kijishimo kimebaki, kama alivyoona kwa mamia ya wazazi kabla yake. Akasema: "Huu ni uvimbe wa uzazi, mwanangu. Ni kawaida. Utashuka wenyewe."

Ndugu wageni waalikwa, sentensi hiyo haikuwa uongo. Akina mama wengi huvimba miguu baada ya kujifungua, na miguu yao hushuka. Ndiyo maana nasema kosa hili lisingeweza kufanywa na mtu asiyejua kazi. Mgeni wa kazi angeshtuka, angeita daktari, angeonekana mwoga. Ni mtu aliyeuona uvimbe huo mara nyingi mno, ukashuka mara zote, ndiye anayeweza kuutazama na asiuone. Tunaambiwa mwenye macho haambiwi tazama. Kwa heshima zote kwa waliotutangulia, napinga. Mwenye macho ndiye wa kuambiwa, tena kila siku, kwa sababu kipofu hajidanganyi kwamba ameshaona.

Nyumbani, neno lile likapokewa kwa vigelegele. Kila jirani aliyekuja kumtazama mtoto aliutazama na mguu, na kila mmoja alikuwa na mguu wake wa kusimulia. "Hata mimi nilivimba." "Mimi nilivaa viatu vya mume wangu mwezi mzima." "Mimi ndiyo usiseme, nilikuwa tembo." Wateja wake walimtania kwamba mguu umepata mshahara kabla ya mwenyewe. Dada akacheka nao, na alipotaka kusimama kuwasindikiza, akashindwa, akasema ni uvivu wa uzazi. Je, nani angemlaumu mtu yeyote katika chumba kile? Wote walikuwa wanawake waliozaa, wote wanampenda, wote wanasema kweli kuhusu miguu yao wenyewe. Na wote, bila hata mmoja kukusudia, walikuwa wanamfariji mgonjwa aliyehitaji kubebwa akimbizwe hospitali.

Aliyekuja kumbeba ni yuleyule aliyemruhusu.

Mama Wodi alikuwa katika siku yake ya mapumziko. Anasema alikuwa anaosha vyombo, akili iko mbali, ndipo swali likamjia: na ule mguu mwingine ulikuwaje? Akajaribu kuukumbuka. Hakuukumbuka. Si kwamba alikuwa ameusahau, hakuwa ameuona. Uvimbe wa uzazi hauchagui upande: huvimba miguu yote miwili, ikafanana kama mapacha. Mguu mmoja ukivimba peke yake, hiyo ni habari nyingine kabisa, na kila muuguzi aliyemo humu anaijua. Yeye aliijua kuliko wote. Akafuta mikono, akaja kwetu na viatu vyake vya jikoni.

Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza, nimekariri majina ya mifupa yote ya mguu na sijajua lolote kuhusu mguu. Hakuuliza mtoto anaendeleaje, hakukubali kiti. Akamwambia dada: "Mwanangu, nyoosha miguu yote miwili. Iweke pamoja."

Ikawekwa pamoja. Mmoja ulikuwa mguu wa dada yangu. Mwingine ulikuwa mnene toka nyongani hadi vidoleni, ngozi imevutika inang'aa, na rangi yake imeanza kuelekea kwenye zambarau. Jirani aliyekuwa tembo akaweka kikombe chini.

Naomba niwaeleze wasio wa taaluma yetu kilichokuwa ndani ya mguu ule. Mishipa ya damu ni ya namna mbili: ipo inayoipeleka damu kutoka moyoni, nayo ni migumu na ina nguvu, ipo inayoirudisha, nayo ni laini na hubanika kirahisi. Pale nyongani, mshipa unaorudisha damu ya mguu wa kushoto hupita chini ya mshipa mwingine wenye nguvu, na nyuma yake kuna uti wa mgongo. Kwa baadhi ya watu njia hiyo ni nyembamba tangu kuzaliwa, na hawajui. Wakibeba mimba, wakalala kitandani, damu nayo ikawa na desturi yake ya kuganda upesi baada ya uzazi, mto unasimama. Tulipomfikisha hospitali, kipimo kilionyesha kwamba damu ya dada ilikuwa imeganda toka nyuma ya goti hadi juu ya kinena. Kipande kikikatika hapo na kusafiri hadi mapafuni, mtu anaweza kukata roho katikati ya sentensi.

Akaanzishiwa sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda. Kwa wagonjwa wengi dawa hiyo hutosha, mwili wenyewe ukafanya yaliyobaki. Kwa dada haikutosha. Kesho yake mguu ulikuwa umeiva rangi, wayo umepoa, na maumivu yamempita uwezo wa kulia. Ndipo akaja daktari bingwa wa mishipa ya damu, ambaye yuko meza ya mbele na ambaye wagonjwa humwita Fundi Bomba, jina analojifanya halijui. Akatwambia waziwazi kwamba mguu ule ukiachwa hivyo unaweza kufa, na ukifa utakatwa. Akatueleza anachotaka kufanya: kuingia kwa tundu dogo nyuma ya goti, kupandisha mrija ndani ya mshipa, kulivuta bonge la damu litoke, kisha pale palipobanwa kupapanua kwa puto na kupaachia stenti, yaani mrija wa wavu wa chuma unaobaki mahali pake maisha yote, kuushikilia mshipa usizibe.

Hapo ndipo mjomba wetu alipoomba kusema. Mjomba hutengeneza redieta za magari, na kwa hiyo, kuhusu maji ya moto, mabomba na chuma, hapakuwa na mtu wa kumfundisha kitu. Akamwambia daktari kwamba hajawahi kuona chuma kikakaa kwenye maji kisipate kutu. Daktari akamjibu kwamba chuma hiki hakipati kutu. Mjomba akauliza kama hakizibi. Daktari akasema, kwa ukweli ambao ningependa sote tulioapa juzi tuuige, kwamba kinaweza kuziba.

"Sasa, mheshimiwa daktari," mjomba akasema, "kama chenyewe kinaweza kuziba, mnakiweka cha nini?"

"Kwa sababu bila hicho," daktari akamjibu, "pameshaziba."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu hoja na jinsi ya kuzijenga. Sijapata kukutana na jibu fupi kama hilo lenye ukweli mwingi kiasi hicho. Lakini mjomba hakunyamaza. Alikuwa anampigania mtoto wa dada yake kwa silaha aliyokuwa nayo. Akasema tusubiri, tutafute maoni mengine, mtu ametoka tu kujifungua, akivuja damu je? Na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Dawa zinazozuia damu kuganda huifanya ikimbie, na mwanamke aliyetoka kujifungua ana kidonda ndani yake. Shemeji, mume wa dada, ambaye alikuwa amembeba mtoto muda wote huo, alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeuliza njia.

Dada ndiye aliyeamua. Akasema, meno yameumana: "Mjomba, wewe redieta yako ikikushinda unanunua nyingine. Mimi huu mguu sina dukani. Daktari, leta hiyo karatasi nitie sahihi."

Yaliyotokea katika chumba kile cha matibabu sikuyaona. Nimesimuliwa na dada. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, kwa sababu njia ni nyuma ya goti, na hapewi dawa ya usingizi mzito. Anazisikia sauti zote. Sasa mfikirieni mama anayenyonyesha, kifua kimejaa maziwa, akiambiwa alalie tumbo juu ya meza ngumu asitikisike. Madaktari walifikiria mshipa, mashine na mionzi. Mama Wodi, ambaye siyo wa chumba kile na aliomba ruhusa ya kuingia, alifikiria maziwa. Alimsaidia kuyakamua kabla, kisha akakunja mashuka na kuyapanga mezani yakawa na bonde katikati, ili kifua kipate pa kukaa. Halafu akachuchumaa upande wa kichwa, uso kwa uso naye, amevaa lile koti zito la kuzuia mionzi. Akabaki hapo.

Puto lilipopanuliwa, dada alisikia mgongo unapasuliwa kwa shoka. Ni maumivu yanayotarajiwa, daktari alikuwa amemwonya, lakini kuonywa na kuumwa ni vitu viwili. Akasikia wakisema stenti imekaa. Kisha akamsikia Fundi Bomba akisema taratibu, kama anayeongea na mto wenyewe: "Haya. Pita."

Damu ikapita.

Jioni ile wayo ulikuwa na joto. Mjomba aliushika kwa mikono miwili, ile mikono yake yenye makovu ya mvuke, na hakuuachia mpaka muuguzi alipomwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Ningeweza kuishia hapo, mkapiga makofi. Lakini mnajua kwa nini siwezi.

Mama Wodi alirudi asubuhi iliyofuata akiwa na sare yake. Akasimama mbele ya kitanda, mimi nikiwepo, shemeji akiwepo, akasema: "Mwanangu, nilikuambia ni kawaida. Sikuutazama mguu wa pili. Kosa ni langu, si la mtu mwingine." Hakuongeza "lakini". Hakutaja wingi wa wagonjwa wala uchache wa wauguzi, ingawa vyote vilikuwa kweli na sote tungemkubalia. Hakutaja kwamba ndiye aliyemfuata nyumbani.

Mngependa niwaambie kwamba dada alimkumbatia. Hakumkumbatia. Alimwambia: "Nimesikia. Sasa kawaambie na wengine."

Na hilo ndilo jambo ninalokuja kulisifu leo mbele yenu. Si kwamba Mama Wodi alikuja nyumbani, ingawa alikuja. Si mashuka yale, ingawa sitayasahau. Nasifu kwamba alikwenda akawaambia wengine. Tangu mwaka ule, kila wauguzi wapya walipoletwa wodi ya wazazi, kabla hawajaonyeshwa kabati la dawa wala pa kutundika mabegi, aliwasimamisha mbele ya kitanda kitupu na kuwaeleza: hapa nilimwambia mzazi ni kawaida, nikiwa nimeuangalia mguu mmoja. Akalitaja kosa lake kwa watu waliokuwa bado hawajui hata jina lake. Kisha akawapa amri yake: mzazi akilalamikia mguu, funueni yote miwili, iwekeni pamoja, tazameni, ndipo mfungue mdomo. Wauguzi mlioko humu, ni wangapi kati yenu mmesimama mbele ya kitanda kile? Naiona mikono. Naomba Mheshimiwa Mgeni Rasmi aione pia.

Tumelelewa kuamini kwamba heshima ya mkubwa hulindwa kwa kuficha makosa yake. Nabishana na imani hiyo. Mama Wodi ametoa kosa lake hadharani mwaka baada ya mwaka, na hebu niambieni, nani humu ukumbini anaheshimiwa kumzidi? Wako akina mama mjini humu waliofunuliwa miguu yote miwili kwa sababu yake, wakapimwa mapema, wakapona kwa dawa tu, bila puto wala chuma, na hawajui kwamba wanamdai mtu shukrani.

Na kwenu, madaktari wenzangu tuliovishwa majoho juzi, neno moja la ubishi zaidi. Tunaipenda mno ile sekunde ya stenti kufunguka, na ni haki kuipenda. Lakini tusiwaambie watu kwamba chuma kimemponya mgonjwa. Chuma kinashikilia njia. Mwenye kupita ni mgonjwa mwenyewe, kila siku. Dada yangu alimeza vidonge na kutolewa damu ya kupimwa mpaka mikono ikamchoka. Huvaa soksi ya kubana inayomchosha jua likiwaka. Hurudi kupigwa picha kuona kama njia bado iko wazi, na kila akipandishwa kwenye kile kitanda, familia nzima tunashusha pumzi naye akishushwa. Mguu wake huvimba jioni na una weusi kwenye kifundo. Lakini unasimama. Mwanawe yuko darasa la kwanza, na mimi nimevaa joho.

Sasa Mama Wodi anaondoka, na hofu yangu tangu wiki iliyopita imekuwa hii: nani atasimama mbele ya kitanda kile? Amri inaweza kuchapwa ikabandikwa ukutani, na sote tunajua yanayozipata karatasi za ukutani. Hadithi bila mwenyewe hugeuka haraka kuwa kanuni, na kanuni hukaririwa na watu wenye usingizi. Nilikuwa nimekusudia kumwomba Mganga Mkuu atafute mtu wa kuichukua kazi hiyo.

Asubuhi ya leo, tukijiandaa kuja, nilimwambia dada hofu hiyo. Alikuwa anapiga pasi. Akanijibu bila kunyanyua kichwa: "Kosa lilikuwa lake, amelisema vya kutosha. Mguu ni wangu. Waambie wakipokea wauguzi wapya, waniite."

Kwa hiyo, Mganga Mkuu, sikuombi tena utafute mtu. Nakujulisha kwamba kitanda kile hakitakuwa kitupu. Dada yangu atakuja, atakalia ukingo wake, atafunua magoti na kuiweka miguu yake pamoja, nao watatazama mpaka waone.

Mama Wodi, hukuwa unajua hili. Naona unageuka kumtafuta. Yuko mstari wa tatu, upande wa mlango. Kwa miaka yote hii amevaa magauni ya kufagia sakafu, hata harusini, hata kwenye joto, ili mtu asiuone mguu ule. Leo amevaa linaloishia magotini. Tafadhali, Mama, mtazame. Nenda kapumzike, tumeipokea kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunivumilia na ubishi wangu, na kwa kunisikiliza hadi neno la mwisho. Asanteni sana.